Mistari Iliyosogezwa Ndani

Mwongozo ule niliuandika kwa simu, kidole kimoja, mtoto akiwa kwenye titi. Kituo kimoja cha kompyuta cha Nyegezi kilitaka kijitabu cha Kiswahili cha kanuni za lugha ya kuandikia programu: amri hii inaandikwa hivi, mfano wake ni huu. Atakayekiandika vizuri angepewa kufundisha hapo. Niliitaka kazi ile mpaka nikawa naiota.

Lakini nilikuwa ndani ya arobaini, kwa mama mkwe, Buhongwa. Mzazi hatoki mpaka iishe. Kutwa wageni na vyombo vya supu ya sato. Shikamoo, onyesha mtoto, chemsha chai, rudi kwenye simu. Kwenye amri ya kurudia niliandika mfano: ilimradi mgeni yupo, chemsha chai.

Nikatuma. Mwenye kituo akapiga, akasema hakuna mfano hata mmoja unaokubali.

Nikamuuliza nani kaigusa kazi yangu. Kumbe katibu wake aliona mistari mingine imeingia ndani, akaisogeza yote ukingoni ili ipendeze. Ipendeze! Lugha ile huangalia hapo hapo: mstari ulioingia ndani uko chini ya ule wa juu yake. Ukiunyoosha, umeua kila kitu.

Mwenye kituo akasema nije leo nionyeshe, la sivyo anampa mtu mwingine.

Nikavaa, nikamfunga mtoto mgongoni. Mama mkwe alikuwa mlangoni akichambua mchele. Nilimweleza yote, akasikiliza mpaka mwisho.

"Nenda, mwanangu. Mjukuu wangu anabaki."

"Mama, ananyonya."

"Ndiyo maana nakwambia."

Hata hakuinua macho kwenye ungo. Nikampigia mume wangu kazini. Akaniambia nimvumilie mama yake. Nikamkatia simu.

Nikaketi kitandani, baibui langu bado mwilini, nikampigia mwenye kituo, nikamsomea mfano mstari kwa mstari. Huo sogeza. Huo uache. Huo nao sogeza. Mwishowe akacheka, akasema imekubali.

"Kijitabu nakichukua, dada. Ila darasani nitamweka mtu mwingine. Wewe si una kichanga."

Nilitaka kumtukana. Mlangoni mtu akapiga hodi, na mama mkwe akaniita kwa sauti tamu ile ya mbele za watu, mgeni apate chai. Nikamlaza mtoto, nikaenda kubandika maji.