Mizigo Arobaini ya Kuni Mbichi

Nakumbuka tulipokuwa wadogo kule kijijini Ukata, kabla simu haijaingia mfukoni mwa kila mtu, pikapu ya kuni ilipimwa kwa ngumi. Mtu alilala chali chini ya gari, akaingiza ngumi yake kati ya ekseli ya nyuma na kile kiraba cha kuzuia kugonga kilichofungwa chini ya fremu. Ngumi ikipita imesimama, mnaendelea kupakia. Ikipita imelala, mnaongeza kidogo kidogo. Nafasi ikibaki ya vidole viwili, mnafunga kamba, hata kama nusu ya kuni bado iko chini. Nimemweleza hayo Beda, mtoto wa kaka yangu, ambaye leo anaendesha pikapu yake hapa Mbinga mjini. Alinisikiliza kwa heshima zote, halafu akaupiga picha mzigo wake na kuwatumia wenzake wamwambie kama umezidi. Wakamjibu kwa vikatuni vya kucheka. Akawasha gari akaondoka.

Nyinyi wa rika langu mnajua kuni zilikuwa nini kwetu. Kila Jumatano tulikwenda shule na gogo kichwani, na mwalimu wa zamu alisimama kwenye lango akiyatupa yaliyooza. Wajanja walileta mlingoti mbichi, yaani mkaratusi, kwa sababu ulionekana mnene. Walifika shingo zimeingia mabegani, na jikoni gogo lao lilitoa povu na kulia tu bila kuwaka. Viazi vitamu tulivifukia kwenye majivu jioni, tukavila vikiwa na ganda jeusi lililoungua. Maharage yalianza kuchemka tukienda shule na yaliiva tukirudi, na nguo zetu za kanisani zilinuka moshi hata baada ya kufuliwa. Tulichonga magari ya miti, tukayapakia vijiti na kuyasukuma kwenye mteremko kati ya ngolo, yale mashimo ya kilimo cha milimani kwetu. Aliyebeba vijiti vingi bila kupinduka ndiye aliyeitwa dereva siku hiyo. Mtoto wa leo mwonyeshe mtungi wa gesi, atakuambia umebaki kiasi gani kwa kuutikisa. Mwonyeshe ukuni, atauliza unawashwa upande gani.

Baba yangu alikuwa karani wa mizani kwenye ghala la kahawa. Mtu akimwambia amevuna kahawa nyingi, alimkatiza: “Usiniambie nyingi. Niambie ngapi.” Mimi ndimi niliyerithi ugonjwa huo. Msimu wa kahawa ukiisha, mizani ilikaa bure, naye aliniacha nipime nilichotaka. Nilipima jogoo, ndoo ya maji, mdogo wangu, jembe lenye mpini na jembe lisilo na mpini. Nilipima pia kuni, na hizo ndizo zilizoniletea matatizo.

Mama hakuwa mtu wa milimani. Alikuwa Mnyasa, binti wa ufukweni karibu na Mbamba Bay, na bibi mzaa mama aliishi huko na ndugu zake wengine. Mvua zikianza mapema, usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, haukauki juani. Lazima ukaushwe kwa moto, na kule ufukweni kuni za karibu zilikuwa zimekwisha. Kwa hiyo baba mdogo, mdogo wake baba, aliteremsha kuni kwa pikapu yake na kupandisha samaki. Hakuna aliyeiita biashara, ulikuwa undugu tu. Na idadi ilijulikana kwa kila mtu kama sala ya Baba Yetu: mizigo arobaini, yaani mizigo ya kichwa, ile ambayo mwanamke mzima anaweza kujitwika mwenyewe kutoka msituni.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka kumi na miwili. Ulikuja ujumbe kwamba usipa umejaa na mvua haiachi, na chini yake neno moja zaidi: bibi miguu imevimba, anamuulizia mama. Ikapangwa kwamba Jumamosi gari litateremka na mama atakaa juu ya kuni, kwa sababu mbele atakaa mke wa baba mdogo na mtoto mchanga. Mama alifunga nguo zake kwenye khanga tangu Alhamisi. Alikuwa hajamwona mama yake kwa miaka miwili.

Tatizo lilikuwa hili. Wiki iliyotangulia kulikuwa na msiba kwa jirani, na kuni zetu kavu zote zilikwenda kupikia waombolezaji. Zilizobaki uani zilikuwa milingoti iliyokatwa siku nne nyuma, bado inatoa maji ukiiminya gome. Lakini zilifungwa mizigo ileile, unene uleule, na zikahesabiwa arobaini ileile. Nilikuwa nimepima kuni kavu tangu Julai na nimeandika kwenye daftari: mzigo mmoja, kilo ishirini na mbili. Ijumaa jioni nikaburuta mizigo mitatu ya zile mbichi hadi ghalani. Ilikuja kilo thelathini na tano, thelathini na saba, thelathini na sita. Nikazidisha kwa arobaini, nikarudia mara mbili. Kavu ni kilo mia nane na themanini. Mbichi ni elfu moja mia nne na arobaini, kabla mama hajapanda. Na gari lile lilikuwa la tani moja. Ili uzito uwe ule wa siku zote, ilitakiwa mizigo ishirini na minne.

Asubuhi nilimwambia baba mdogo. Akacheka vizuri tu, alikuwa mtu wa kucheka. Walipofikisha thelathini nikaingia chini ya gari. Vidole viwili havikupita. Kilipita kimoja, tena kwa shida.

“Baba mdogo, njoo uingize kidole.”

“Mimi gari nalisikia kwa makalio, Karani. Kidole nabakiza cha kulia ugali.”

Vijana waliokuwa wakipakia wakaacha kazi wacheke. Mmoja akasema nipewe leseni. Wao waliona wingi, na wingi ulikuwa uleule wa miaka yote. Nikamtazama baba. Alikuwa ameshika kamba, anaangalia fundo. Gari lilikuwa la mdogo wake, na kumrekebisha mtu mzima mbele ya watu kwa maneno ya mtoto wa kike lilikuwa jambo zito kuliko kuni zenyewe. Hilo nalielewa sasa. Siku ile sikulielewa.

Wakateremsha kidogo? Hapana. Wakaendelea. Ndipo nilipokwenda kukaa juu ya mizigo iliyobaki chini, nikaikumbatia ya pembeni.

“Shuka,” alisema baba mdogo, sasa bila kicheko. “Gari hili lilibeba arobaini kabla hujaota meno.”

“Zilikuwa kavu.”

“Mama Damas,” alimwita mama, maana Damas ndiye kaka yetu mkubwa, “mwondoe mwanao.”

Mama alikuwa tayari ameketi juu kabisa, miguu imekunjwa, furushi lake mapajani. Alinitazama muda mrefu. Kisha akatupa furushi chini na kuteremka kwa kukanyaga tairi. Akasema atakwenda wiki ijayo, gari likirudi tena. Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Waliniondoa kwa kunibeba kama mzigo wa arobaini na moja, wakapakia zote, wakafunga, na gari likaondoka limekaa chini nyuma kama ng'ombe anayetaka kulala. Mama aliingia jikoni, akabandika maharage. Hakunigombeza.

Gari lilifika. Msitegemee kusikia kwamba lilipinduka. Lilifika zima na mizigo yake arobaini. Jumatatu baba mdogo alirudi na vikapu vya samaki, akasimama uani mbele ya wazee na kuniita. “Zimefika zote, Karani. Mizani inasemaje leo?”

Nikajibu, “Inasema vilevile.”

Baba akanituma maji, ingawa mtungi ulikuwa umejaa.

Wiki ijayo haikuja. Mvua iliikata barabara ya kuteremka ziwani, na kwa wiki mbili hakuna gari lililopita. Siku moja saa ya matangazo ya vifo redioni tukasikia jina la bibi. Mama alitembea kwa miguu hadi kule na alikuta kaburi limeshafunikwa, udongo umeanza kupasuka. Matangani upande wetu, mwanamke mmoja wa ukoo alisema kwa sauti ya kutosha mimi nisikie kwamba hesabu za mtoto zimemzuia mtu kumzika mama yake. Maneno hayo yamekaa katika ukoo wetu zaidi ya miaka thelathini. Hadi leo, harusini, mtu akitaka kunichokoza huanza na kuni.

Shule yangu iliishia darasa la saba. Mengine nimejisomea mwenyewe, kwa vitabu vya kuazima na vya kuokota. Nimesoma jinsi breki zinavyopata moto kwenye mteremko mrefu na jinsi uzito ukizidi zinavyokata tamaa ghafla, bila kukuonya. Nimerudia hesabu za daftari lile kwa utulivu wa mtu mzima, nikitafuta kosa. Halipo. Kufika kwa gari lile hakunionyeshi kwamba mzigo ulikuwa halali. Kunanionyesha kwamba asubuhi ile breki zilivumilia, basi. Nimeombwa mara nyingi niseme nilikosea, ili mambo yaishe. Sijasema. Lakini nikiri hapa: sijawahi kulala vizuri siku ya kumbukumbu ya marehemu wote, na mama sikuthubutu kumuuliza.

Mwaka huu, baada ya kuvuna maharage, nilimuuliza. Amezidi miaka themanini, lakini vidole vyake bado vinapukuchua haraka kuliko vyangu. Hakuinua macho.

“Skola, mimi nililisikia gari kabla yako. Nilikuwa juu, lilivyokuwa linakaa nilijua. Ila pale nilikuwa mke wa watu, ningesema nini? Ulipozikalia zile kuni nikapata sababu ya kushuka.”

Nikamuuliza, na bibi?

Alimaliza maganda yaliyokuwa mkononi. “Nilimlilia, na bado namlilia. Lakini nyumbani nilikuwa na watoto watano.”

Leo barabara ya kwenda ziwani ni lami. Unateremka ukisikiliza muziki, na mtu anaweza kwenda kumwona mama yake na kurudi siku hiyohiyo. Hilo nawaonea wivu vijana na sifichi. Uzito wa gari umeandikwa mlangoni kwa rangi, mizani ziko barabarani, na mtoto wa kike akisema mzigo umezidi hakuna wa kumbeba na kumweka pembeni. Sisi hatukuwa na kimoja katika hivyo. Tulikuwa na ngumi, daftari na wazee wasiopenda kukosolewa, na bado tulipima. Wao wana vyote, na wanauliza kwenye simu. Wanicheke tu. Ningerudishwa asubuhi ile, nikiwa najua yote yaliyofuata, redio na kaburi na maneno ya matangani, ningekwenda kuzikalia tena zile kuni. Na mama, sasa nina hakika, angeshuka tena.