Kompyuta za Shangazi

Serikali ilipoanzisha mpango wa kumfundisha kila mtoto kutumia programu za kompyuta, shule ya shangazi yangu ilipata mashine kumi. Yeye, mwalimu wa hesabu, alipewa somo hilo baada ya semina ya wiki moja. Alirudi nyumbani akiimba. Kitumbua kiliingia mchanga kesho yake tu, mkuu wa shule alipomwita.

"Mwalimu, moja ikiharibika tutamjibu nani? Wafundishe ubaoni kwanza. Wakishaelewa ndio waguse."

Hiyo "kwanza" ilikula mwaka mzima. Shangazi angeweza kubisha, lakini mdomo wake mkali aliutunza kwa ajili yetu wa nyumbani. Kila Ijumaa alifungua stoo, akazipangusa mashine juu ya nailoni zake, akafunga. Wanafunzi wakambatiza Mama Kitambaa. Ubaoni alichora kibodi na kipanya vizuri ajabu, na watoto wakaimba hatua zote: kuwasha, kufungua programu, kuandika, kuhifadhi. Aliyesogelea stoo alikemewa: "Mikono nyuma!"

Kisha ikaja taarifa kwamba mkaguzi wa mpango atawapima watoto, na wakishindwa mashine zitahamishiwa shule nyingine. Shangazi alikimbilia ofisini. Akamwomba mkuu amruhusu kuziwasha, japo siku mbili tu.

"Uziharibu mkaguzi akiwa njiani?" akajibiwa.

Mkaguzi, mama mpole, alianza na msichana hodari kuliko wote.

"Haya mwanangu, iwashe, uandike jina lako."

Msichana alisimama wima, mikono nyuma, akazitaja hatua zote bila kukosea.

"Vizuri sana. Sasa fanya."

Akazitaja upya, kwa sauti kubwa zaidi.

Darasa zima lilikuwa hivyo hivyo. Mimi nilimlaumu yule mkuu, na bado namlaumu. Shangazi alijilaumu mwenyewe.

"Nimewafundisha woga," aliniambia. "Somo hilo wamefaulu wote."

Gari lilipokuja, mashine zilitolewa, nyingi zikiwa bado na nailoni. Mkuu alisimama mlangoni akichekelea: "Hamna hata mkwaruzo! Tumezirudisha salama." Shangazi alilia mbele ya watoto, bila kujificha.

Mashine ya mwisho ilipokuwa ikipita, yule msichana alinyoosha mkono, akabonyeza herufi moja. Halafu akageuka kumtazama shangazi, akingoja kukemewa.