Nilificha funguo mu mukebe, nikamutaja muntu

Ule mekanisie, fundi wa motokari, alipigwa ku baryeri, kizuizi ya njia ya kuingia muji ya Baraka, mi njo nilimupigisha. Fimbo sikushika. Lakini kinywa yenye ilimupeleka pale ilikuwa yangu, na ile siku ilisema uongo.

Jina yake sitaiandika. Nilikwisha kuitaja ya kutosha.

Nilisoma miaka tatu tu, basi nitasema vile bintu vilikuwa. Mwana wangu anafanya kazi mbali, ku Katanga. Alitununulia motokari, ikavuka ziwa mu boti toka Kigoma. Haikukuwa ya kujionyesha nayo. Muzee wangu, bwana yangu, miguu ilimukufia, na mara ya mwisho tulikimbia vita tulimusukuma mu toroli, analia juu ya mawe ya njia. Mwana wangu akasema hiyo asiisikie tena.

Ile motokari haina funguo ya kuzungusha. Iko na kifungo ya kubonyeza, na funguo yenyewe ni kadude keusi kadogo. Ukiwa nako karibu, motokari inakaona, inawaka. Kakiwa mbali, inakataa.

Mapenzi, bibi ya mwana wangu, njo anaendesha. Lakini funguo ninashika mi. Sikumuachiaka. Mi njo mukubwa wa nyumba, nilisema, na mukubwa anashika funguo.

Mwanzo nilikuwa ninaifunga mu fundo ya kikwembe, na motokari ilikuwa inawaka bila matata. Kisha tukasikia bantu ya bunduki banasimamisha bamama ku njia, banafungua mpaka mafundo ya bikwembe. Nikajiona mi niko na akili. Nikatwaa mukebe wa maziwa ya unga, ule wa chuma, nikaweka funguo chini, nikamwaga ndagala kavu juu yake, nikakaza kifuniko. Nani atatia mukono mu samaki yenye kunuka vile? Sikumuambia muntu. Hata muzee. Nikaingia mu motokari na mukebe ku magoti kama mama anapeleka chakula kwa mugonjwa.

Siku ile ile motokari ikakataa.

"Mama, inanionyesha picha ya funguo," Mapenzi akasema. "Inasema haiioni."

"Funguo iko na mi."

"Iko wapi?"

"We unatafuta nini ku mwili yangu? Bonyeza."

Akabonyeza mpaka kidole ikamuuma. Hakuna.

Njo tukaita ule mekanisie. Ni Murundi, mukimbizi wa kambi ya Lusenda, muntu mupole, anakuyaka Baraka na kinga yake, baiskeli, na mufuko wa vyombo. Akaomba funguo. Nikaingia mu chumba, nikafunga mulango, nikaitoa mu mukebe, nikaipangusa, nikamuletea mu mukono. Akainusa kidogo. Akaifungua na kucha, akabadilisha betri ile ya duara kama kifungo ya shati. Motokari ikawaka mara moja.

"Mama, ikikataa tena, gusisha funguo pale pale ku kifungo ya kuwasha. Na usiikalishe pamoja na telefone." Akafunga mufuko wake. "Unaiwekaka wapi?"

"Mahali bamama banawekaka bintu yao."

Akainamisha macho. Kwetu kijana hawezi kumuuliza mama muzima anaweka nini wapi mu kikwembe yake. Alikuwa na heshima, na mi nikaitumia heshima yake kumufunga kinywa. Angeuliza mara moja tena, vidole yake ingekuwa mizima leo.

Akaenda. Nikarudisha funguo mu mukebe. Asubuhi yenye ilifuata, ile picha tena.

Akakuya mara ya pili. Nikaitoa, nikamupa, motokari ikawaka. Mara ya tatu vile vile. Alikuna kichwa. Akajaribu karibu, akajaribu mbali, akaangalia betri kubwa ya mbele. "Mama, hapa sioni ugonjwa. Mukononi mwangu inawaka." Malipo ya mara ya tatu akakataa. Na hiyo njo ilinichomesha. Nikasema mu roho: akiwa hapa inawaka, akienda inakufa. Basi yeye njo anaifunga, kusudi tumuite tena. Na kama anakataa malipo, iko na kitu ingine anatafuta.

Nikamuambia Mapenzi. Akacheka. "Mama, we unaota. Ule hata chai ya watu hamaliziaka."

Nikamuambia afunge kinywa. Nikaenda kuitapika kwa bamama ya soko, na bao bakaipokea vizuri, kila mumoja akaongeza chumvi yake.

Kisha ikafika ile siku masasi ya bunduki yalianza kulia juu ya milima. Tukamubeba muzee, tukamuingiza mu motokari, mukebe ku magoti yangu. Mapenzi akabonyeza. Picha. Akabonyeza. Picha. Kugusisha funguo ku kifungo, vile mekanisie alisema, sikukumbuka. Nikashuka, nikakimbia mpaka baryeri, pale bijana ya mutaa balikuwa banasimama na fimbo na panga.

"Koko, munakimbia bila muzee?" bakaniuliza; koko njo banaitaka mama muzee kwetu.

"Ule Murundi ameifunga motokari yangu," nikasema. Na hapo ningenyamaza. Sikunyamaza. "Anajua siku yenye bale ya bunduki batakuya. Njo bamemutuma."

Hiyo ya kutumwa hakuna muntu aliniambia. Niliitunga palepale, nimesimama na miguu yangu mbili, na nikasema jina yake mara mbili kusudi baisikie vizuri.

Bakamutafuta, bakamukuta anatengeneza kinga ya muntu. Bakamuleta. Alikuwa anasema "Muulizeni mama, mama ananijua," na ananionyesha na mukono. Ule mukono bakauweka ku jiwe. Mumoja alikuwa na botini, viatu nzito ya askari, njo akakanyaga. Mi nilikuwa karibu kama vile niko na hii meza. Unajua nilisema nini? Nilisema, "Mumuulize vizuri." Nikaondoka, sikutaka damu ifike ku kikwembe yangu.

Vita haikufika Baraka ile siku. Masasi yalinyamaza mbele ya jioni.

Asubuhi tukawa tunatoa bintu mu motokari. Muzee, mwenye alilala mule mule kwa woga, akaomba ndagala ya kutafuna. Nikafungua mukebe. Mapenzi alikuwa na hasira, akapiga kile kifungo kwa ngumi. Motokari ikawaka.

Tukaangaliana. Akaizima. "Mama, funika mukebe." Nikafunika. Akabonyeza, picha. "Fungua." Ikawaka. "Funika." Picha. Akatwaa mukebe ku mikono yangu, akasukuma ndagala na kidole, akaiona funguo, mafuta ya samaki imeijaa. Ile chuma ilikuwa inaifunika, motokari haikuweza kuiona.

Hakunitukana. Alitema mate inje ya dirisha. Kisha akasema, "Na vidole ya ule muntu?"

Unajua nilimujibu nini? "Nyamaza." Nikanyamazisha nyumba yote juma mbili. Kila ndagala ikipikwa kwa jirani, nilikuwa ninafunga mulango na dirisha. Ninajichukia kuliko ninavyochukia ile harufu.

Juma ya tatu Mapenzi akaniambia, "Kama hautaenda kumuambia ukweli, mi nitaenda." Njo nikaenda kwa ule mekanisie, kule kambi ya Lusenda, na kuku, na unga ya muhogo. Bibi yake akanipa kiti, akanipa maji. Yeye akatoka na mukono mu kitambaa. Nikamuambia yote, mukebe, ndagala, uongo. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mama, kuku rudi naye," akasema. "Kule ulitaja jina yangu, rudi uitaje kule kule."

Nikarudi ku baryeri. Bijana ni bale bale. Nikasema, muntu hana kosa, kosa ni yangu, funguo ilikuwa mu mukebe.

Bakacheka. Ule wa botini alicheka mpaka akapangusa macho. "Koko, kumbe ni ndagala! Ndagala zimemuvunja Murundi!" Mwingine akasema, "Basi, kama si hiyo, angekuwa na ingine." Na bakarudi kucheza karata. Bamama ya soko vile vile: bakasikia, bakaguna, bakauliza bei ya mafuta. Mpaka leo bakisema juu yake banasema "ule alifunga motokari." Uongo wangu bote banaujua. Ukweli wangu hakuna mwenye anautaka.

Hakurudia Baraka. Vidole mbili hazikunjuki. Vis ndogo, ile misumari ya kuzungusha, bibi yake njo anazifungua, yeye anamuonyesha tu na kichwa.

We unayesoma, siku motokari yako itakataa, sema motokari inakataa. Angalia betri. Angalia mahali unawekaka funguo. Mekanisie akikuuliza iko wapi, mujibu, hata kama iko mu kifua. Na jina ya muntu ikikufika ku ulimi, imeze.