Nilikuwa na Saba

Kabla sijajua kuwa nina kisukari, nilimpiga binti yangu kwa mwiko wa ugali mpaka mwiko ukavunjika. Kosa lake lilikuwa kumwaga maji. Siku zile kiu ilinikaba kutwa kucha, mkojo haukunipa usingizi, na mtu akinisemesha naona ananichokoza. Nilipopimwa kituo cha afya, mashine iliandika ishirini na sita, wakati sukari ya kawaida haizidi saba. Muuguzi akanieleza kwamba sukari ikipanda hivyo, hata hasira huwa karibu. Nililia kwa ajili ya mkono wa yule mtoto. Mpaka leo naona aibu.

Nikameza vidonge, nikaacha soda na chai ya sukari, ugali nikaupunguza, nikanunua mashine yangu ndogo, nikawa napima kila asubuhi. Sukari ikashuka. Sifa mbaya haikushuka. Kijijini kwetu Kintinku wote walishajua, na shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ndiye aliyefaidi. Nikilalamika, anacheka: "Shemeji, umepima leo?" Mume wangu naye akajifunza: "Mama, kalale, imepanda hiyo." Nikisema mboga haina chumvi, imepanda. Ningesema nyumba inaungua, wangenitafutia kidonge kwanza.

Asubuhi moja nikakuta ng'ombe wa shemeji ndani ya shamba langu, wanatafuna uwele uliokwisha kutoa masuke. Ilikuwa mara ya tatu. Mwenyewe amesimama pembeni, ameegemea fimbo. Nikafoka. Akaniuliza lile swali lake.

"Subiri," nikamwambia. Mashine ilikuwa kwenye kikapu changu. Nikajitoboa kidole mbele yake, nikaweka tone, tukangoja. Saba. Nikamsogezea machoni. "Soma." Hakusoma, alikuwa anacheka bado. Nikamnyang'anya fimbo nikamtandika nayo, ya bega, ya mgongo, ya mkono alipojikinga, na huo mkono nilisikia mfupa ukilia. Akanirukia, akanipiga ngumi ya mdomo, nikatema jino na damu. Nikampiga tena. Sitasema uongo, ilikuwa tamu. Ndio utamu pekee ambao muuguzi hakunikataza.

Alinishtaki kwa mwenyekiti wa kijiji, akaja mkono umefungwa. Mume wangu, kwa kutaka kuniokoa, akasimama. "Shikamoo, Mwenyekiti. Mtusamehe. Mwenzangu ni mgonjwa, sukari ilimpanda, hakujua alitendalo."

Wazee wakatikisa vichwa kwa huruma. Hata shemeji aliridhika haraka, maana kesi ya mgonjwa ikifutwa, na ng'ombe hawatajwi. Ningenyamaza tu, ningerudi nyumbani bila adhabu, nikiwa kichaa wa sukari maisha yangu yote.

Nikatoa mashine. Inatunza kumbukumbu, na hilo hawakulijua. Nikabonyeza mpaka asubuhi ile ikatokea, nikampa Mwenyekiti, akasoma kwa sauti: saba.

"Nilikuwa mzima," nikasema, pengo likinipigia mluzi. "Nilimpiga kwa akili zangu zote, kwa ajili ya uwele wangu. Nitozeni."

Wakanitoza beberu. Halafu Mwenyekiti, kwa mara ya kwanza, akamgeukia shemeji.

"Haya," akamwambia. "Sasa tueleze habari ya ng'ombe."