Mbuzi wa Hilaria na Pikipiki Isiyonguruma

Wenseslaus alikuwa mtu wa kuhesabu vidole vyake kila baada ya kupeana mkono na mtu. Kanisani, wakati wa kutakiana amani, alitoa mkono mmoja. Wa pili ulibaki mfukoni umeshika simu. Maziwa ya jirani aliyanusa mara mbili. Marangu nzima walimjua hivyo, na walishamzoea.

Miaka kumi na saba ya upagazi mlimani ilimmaliza magoti. Sasa aliendesha pikipiki ya umeme ya tajiri mmoja wa Moshi mjini kwa mkataba: ukimaliza miaka miwili, chombo ni chako. Ilibaki miezi minne. Lakini mkataba huohuo ulisema ukipata ajali na polisi wakaona kosa ni lako, chombo kinarudi kwa tajiri, na jasho lako limekwenda na maji.

Basi Jumanne asubuhi, akiteremka na madumu ya maziwa, mbuzi wa jirani yake Hilaria akachomoka kwenye migomba na kusimama katikati ya barabara. Pikipiki ile haingurumi. Mbuzi hakusikia kitu. Wenseslaus alishika breki mpaka madumu yakagongana, lakini wapi. Mbuzi alikata roho palepale.

Hapakuwa na mtu barabarani. Mwingine angejiondokea. Yeye alibaki, na tusimsifie bure: aliamini kuna mtu kwenye mibuni anamchungulia. Akawapigia polisi mwenyewe, asije Hilaria akamtangulia kwa maneno. Sheria inamtaka dereva asimame na kutoa taarifa hata kama aliyegongwa ni mnyama, na siku hiyo woga ulimfanya raia mwema.

Polisi wakaichukua pikipiki. Wakapima breki, wakakagua leseni na bima.

"Ya umeme au ya petroli, kisheria ni pikipiki tu," Koplo Winfrida alimwambia. "Tutaona kama ulikuwa makini. Na mwenye mbuzi naye ana lake la kujibu, mifugo haiachwi barabarani. Njoo Alhamisi, mzee."

Huku mlimani mbuzi hazururi. Anakaa bandani, majani anakatiwa na kuletewa. Huyu alitokaje? Wenseslaus akaenda kuchungulia kwa Hilaria juu ya ua. Mlango wa banda ulikuwa mzima, na kamba ilining'inia vizuri kwenye msumari.

"Mbuzi anajua kutundika kamba?" alimuuliza mkewe, Bernadetha.

"Si umuulize mwenyewe? Ni jirani yako."

"Mwezi uliopita aliniuliza mkataba wangu umebakiza muda gani. Ya nini? Mwanawe Davis anaitamani pikipiki ile; ikirudi kwa tajiri, ataichukua yeye. Mimi si mtoto, Mama Godwin."

Jumatano jioni Hilaria akaja, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika jani la isale lililofungwa fundo. Hakuna Mchagga anayehitaji kuelezwa maana yake. Anayekuletea isale anakuomba radhi, na ukilipokea jani umesamehe. Hakuna kurudi nyuma.

"Baba Godwin, mgongo umenikataa," alisema. "Siku tatu sijaweza kuinama kukata majani. Nikamfungua mbuzi ajitafutie pembeni. Kosa ni langu. Nisamehe."

Wenseslaus alilipokea kwa mikono miwili, akasema yamekwisha. Hilaria alipofika getini, yeye alikuwa ameshalipiga jani picha na kulitia kwenye bahasha.

"Unafanya nini?" Bernadetha aliuliza.

"Ushahidi. Amekiri. Kesho akigeuka je?"

"Isale haipelekwi polisi! Umeshaipokea!"

"Imepokewa na mikono. Moyo unasubiri faili."

Alhamisi alifika kituoni mapema. Kabla hajaulizwa lolote, akalitoa jani na kuliweka mezani.

"Afande, huyu mama amekiri. Alimfungua mbuzi kwa makusudi. Mimi naona walinipangia, yeye na mwanawe, ili ninyang'anywe chombo. Naomba uandike hivyo."

Koplo Winfrida, mzaliwa wa Rombo, Mchagga naye, alilitazama lile jani, akaweka kalamu chini.

"Ulilipokea?"

"Nililipokea."

"Sasa unamshtaki vipi mtu uliyemsamehe?"

Koplo akafungua faili.

"Mama huyu alikuja hapa jana asubuhi kwa miguu, amejishika kiuno. Akaandikisha kwamba mbuzi alimfungua yeye, na kwamba wewe huna kosa. Alituomba tusikucheleweshee chombo, kwa sababu umebakiza miezi minne. Breki zako tumezikuta nzima. Jalada limefungwa, yeye ndiye atakayejibu kwa mtendaji wa kata. Funguo zako hizi." Akaelekeza kidevu mlangoni. "Yupo nyuma yako, tulimwita kuweka sahihi."

Wenseslaus akageuka. Hilaria alikuwa kwenye benchi karibu na mlango, na alikuwa amesikia yote tangu neno la kwanza. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Alitamani ardhi ipasuke immeze, nayo ardhi ya kituo cha polisi ni saruji.

Hilaria alipotia sahihi na kutoka, Wenseslaus alimfuata akiikokota pikipiki.

"Mama Davis, panda nikufikishe nyumbani. Ni mlima, na mgongo wako..."

Hilaria aliitazama pikipiki, kisha akamtazama yeye. Hakuwa na hasira. Alirudi nyuma hatua moja, kama mtu aliyeona mbwa asiyemfahamu.

"Hapana, Baba Godwin. Nikianguka hapo, utasema nimejiangusha."

Akaanza kupanda mlima kwa miguu, polepole, mkono kiunoni.