Tone la Buluu

Miaka thelathini na minne alichanganya rangi za nyumba kwa jicho tupu, na jina la Mzee Rangi hakulipata bure. Ungemletea kipande cha plasta kilichobanduka, angekitazama kidogo, akoroge ndoo yake, na kiraka kisingejulikana kilipoanzia. Mashine ya kupima rangi ilipoletwa dukani, aliifunika gunia. "Hiyo haina macho," alisema.

Kumbe yake nayo yalikwishaanza kumsaliti. Ukungu uliingia polepole, taa zikaota ndevu, na daktari akataja mtoto wa jicho. Mzee kusikia neno upasuaji, akanywea. Siku chache baadaye redio ikasema kuna kitu ndani ya chai ya kijani ambacho huenda kinalinda lenzi ya jicho linalozeeka. Basi hapo ndipo alipokwama: vikombe vitatu kwa siku, vichungu, bila sukari.

"Kunywa, baba watoto," mkewe alimwambia akimmiminia. "Ila na hospitali uende."

"Nitaenda. Iache kwanza ifanye kazi."

Mwaka uliofuata mkewe alishikwa na maradhi yasiyo na kupona. Akaomba kitu kimoja tu, chumba chao kipakwe rangi nyeupe. Mzee aliichanganya mwenyewe. Kila alipoitazama aliiona ina umanjano, naye akafanya wafanyavyo mafundi: tone la buluu kuua umanjano. Bado. Akaongeza. Akaongeza tena. Alipomaliza kupaka akamuuliza mgonjwa, "Imetoka?"

"Imetoka, mume wangu. Nyeupe pe!"

Mama wa watu alilala akiutazama ukuta huo miezi mitano, kisha akafariki.

Binti yao ndiye aliyemkokota baba yake mpaka kwa daktari mwingine. Huyu hakuicheka chai. "Maabara wameona dalili nzuri, kwenye lenzi za wanyama," alisema. "Kwa binadamu bado hatujui. Lakini mzee wangu, lenzi ikishaharibika, hakuna chai ya kuisafisha. Yako imegeuka manjano, na si ya jana wala juzi."

"Manjano," Mzee Rangi alilirudia neno hilo. Alikubali kisu bila ubishi.

Siku alipofunguliwa bandeji alirudi nyumbani, akapita sebuleni bila kuketi, akafungua mlango wa chumba. Ukuta ulikuwa wa buluu. Tena si buluu ya kubahatisha, buluu ya sare za shule. Akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Mama yako aliona?"

Binti aliinamisha kichwa. "Aliona, baba. Sote tuliona. Alisema, 'Asiambiwe. Hiyo ndiyo nyeupe yake, nami nitalala nayo.'"

Mzee alilia mbele ya mwanawe, wala hakujificha.

Kesho yake binti alileta ndoo ya rangi nyeupe. Mzee aliifungua, akaikagua juani kwa jicho jipya, akaona ni nyeupe kweli, haina kasoro. Akaifunika, akairudisha dukani.