Kalamu ya Kijani

Naomba mcheke mapema ili nimalize kusimulia, maana aibu hii niliipika mwenyewe, kwa kanuni niliyoitunga mwenyewe, ndani ya darasa langu mwenyewe kule Mbeya.

Chuo kilinipa likizo ya mwaka mzima niandike kitabu, nikapanga chumba Mlandege, Iringa, na baada ya miezi mitatu nilikuwa nimeandika jina la kitabu na shukrani. Ukweli ni kwamba niliwakumbuka wanafunzi wangu (wale wale niliokuwa nikiwalalamikia kila siku), nikafikia hatua ya kusahihisha tangazo la choo la mwenye nyumba na kuliwekea maksi. Basi siku moja nikajidanganya kwamba kuna kitabu nimesahau ofisini, nikapanda basi la Mbeya.

Nilifika saa nane mchana, baridi ya Juni, nimevaa koti, kofia ya sufu na barakoa kwa sababu ya mafua, nikasikia kipindi changu kinaendelea, nikasema nikae benchi la nyuma dakika tano tu. Aliyekuwa akifundisha ni Dokta Tumaini, niliyemfundisha mimi, na hakunitambua. Karatasi ya mahudhurio ikafika, na binti wa pembeni yangu, akidhani mimi ni mmoja wa wale watu wazima wanaojiendeleza, akaninong'oneza:

"Baba, mwandiko wangu Dokta anaujua. Nisainie Atupele, yuko Chunya, wamefiwa na bibi yake."

Sasa sikieni kanuni yangu: ukimsainia mwenzako, wewe hukanyagi darasani mpaka muhula uishe, na yeye hafanyi mtihani. Nimeshatoa watu wanane kwa kanuni hiyo, bila huruma. Lakini miezi mitatu hakuna mwanafunzi aliyeniomba chochote, jamani, nikasikia raha, nikachomoa kalamu nikasaini.

"Ndaga, baba," akanishukuru.

Dokta Tumaini akahesabu vichwa, akahesabu saini, zikalingana (kichwa changu kilikuwa kimeziba nafasi ya Atupele). Ningepona hapo, ila akaendelea kuitazama ile karatasi.

"Atupele ni yupi? Simama. Huyu aliyesaini kwa wino wa kijani."

Ukumbi mzima ukageuka, maana pale chuoni anayeandika kwa kijani ni mzee mmoja tu, na kila mmoja anamjua kwa makaratasi aliyorudishiwa. Binti akaiona kalamu mkononi mwangu, akajifunika uso kwa daftari. Nikinyamaza, Atupele anatoka msibani anakuta hana mtihani. Nikasimama, nikavua kofia na barakoa.

Kisha wakacheka mpaka wengine wakalaza vichwa mezani.

"Shikamoo, Profesa," Dokta Tumaini akasema, hajui aangalie wapi. "Sasa tufanyeje?"

"Marahaba. Atupele mwandike hayupo, ana msiba, na mtihani afanye. Aliyesaini, fuata kanuni."

"Kanuni inasema atoke, Profesa."

"Naijua."

Nikatoka. Nilipofika mlangoni nikawaza wale watu wanane, na kwa mara ya kwanza nikaona ule mlango ulivyo mbali na benchi la nyuma.

Nikirudi kazini kanuni ile naifuta, na darasani siingii tena nikiwa nimejificha. Kitabu bado kiko kwenye shukrani. Muhula umebakiza wiki tisa, nazihesabu.